Makundi ya Namba na Deni la Pishi Tano

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya namba. Tafadhali msiondoke. Twajua kwamba wako watu ambao wakisikia neno hesabu hukumbuka fimbo ya mwalimu, wakaona afadhali kwenda kulala. Lakini mazungumzo ya leo hayataki akili ya ajabu; yataka uvumilivu kidogo tu, na kama mna kipande cha karatasi na kalamu ya risasi, vileteni karibu.

Sababu ya kuchagua habari hii ni barua tuliyoipata kutoka kwa mwanafunzi mmoja akaaye na mjomba wake katika kijiji cha wakulima wa mpunga. Atueleza kwamba mwaka jana, wakati wa kupanda, ghala la mjomba lilikuwa tupu kabisa, ikambidi mjomba aazime kwa jirani pishi 5 za mbegu. Kijana ndiye mwandishi wa daftari la nyumbani, basi akaandika humo: −5. Mjomba alipouona ule mstari mdogo uliotangulia tano, akauliza, “Nini hiki, mpwa wangu?” Kijana akajibu, “Ni hasi tano, mjomba. Maana yake tuna pungufu ya sifuri.” Mjomba akacheka. “Ghala tupu ni tupu,” akasema. “Haliwezi kuwa tupu kuliko tupu. Futa, uandike sifuri. Tena hiyo sifuri yenyewe si namba. Nani aliyekwenda mnadani akanunua mbuzi sifuri?” Kijana akafuta kwa adabu, akaandika 0.

Mavuno yakaja. Baada ya kuweka chakula cha nyumbani na mbegu za mwaka wa pili, zikabaki pishi 40. Mjomba akatazama daftari. Sifuri kujumlisha 40 ni 40. Akamwahidi mfanya biashara pishi 40, akapokea fedha yote mbele, akamnunulia mpwa wake nguo za shule na vitabu. Asubuhi ya kupima, jirani naye akaja, kwa amani, kutaka pishi zake 5. Zikatoka 5, zikabaki 35, na mfanya biashara amesimama mlangoni na magunia yake. Mjomba aliona haya, na kijana aliona haya zaidi, maana fedha ilikuwa imekwisha tumika kwa ajili yake. Sasa atuuliza: Je, nani aliyekuwa na haki, mimi au mjomba? Sifuri ni namba au si namba? Na namba iliyo pungufu ya sifuri iko, au ni uzushi wa vitabu?

Jibu letu ni hili: Mjomba alisema kweli ya kundi moja la namba, na mpwa wake alisema kweli ya kundi jingine. Shida ilitokea kwa kuwa mjomba alichukua kundi lisilofaa kwa kazi iliyokuwa mbele yake. Basi hebu tuyatazame makundi hayo, moja moja.

Kundi la kwanza ni namba za kuhesabia, ambazo vitabu vingi huziita namba asilia. Nazo ni 1, 2, 3, 4, 5, na kuendelea. Mtoto huzijua kabla ya kujua kusoma. Mchungaji huzitumia jioni ng’ombe wanapoingia zizini. Namba hizi zina mwanzo, lakini hazina mwisho. Maana hata ukitaja namba kubwa namna gani, jirani yako aweza kuongeza moja akakushinda.

Wanadamu wamekuwa wakihesabu tangu zamani sana. Mwaka 1950 mtaalamu mmoja Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua mfupa mdogo mahali paitwapo Ishango, nchini Kongo, karibu na pale mto Semliki utokapo katika Ziwa Edward. Mfupa huo, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 20,000, una mikato mingi iliyopangwa kwa mafungu. Wataalamu hawakupatana juu ya kazi yake hasa, lakini wengi huona kwamba ni mikato ya kuhesabia, kama vile mtu wa leo akatavyo alama katika kijiti au achoravyo mistari ya mkaa ukutani. Sasa angalieni: katika kijiti cha namna hiyo hakuna mkato wa sifuri. Asiye na kitu cha kuhesabu hakati alama yo yote. Kwa hiyo mjomba aliposema kwamba sifuri si namba, alisema kama walivyofikiri watu wengi kwa maelfu ya miaka. Katika namba za kuhesabia, sifuri haimo, na mjomba ana haki.

Lakini kundi hili lina upungufu. Ukijumlisha namba mbili za kuhesabia, jibu ni namba ya kuhesabia: 4 na 3 ni 7. Ukizizidisha, pia utabaki mle mle: 4 mara 3 ni 12. Ila ukianza kutoa, mara nyingine unatoka nje. Ulikuwa na mayai 7, ukauza 7, yamebaki mangapi? Mtu atasema, “Hayakubaki.” Vema, lakini hilo ni neno, si namba, nasi tulitaka namba ya kuandika katika daftari. Hapo ndipo sifuri inapohitajiwa.

Tukiichukua sifuri na kuiweka mbele ya namba za kuhesabia, twapata kundi la pili: 0, 1, 2, 3, 4, na kuendelea. Hizi huitwa namba nzima. Tofauti ya kundi la kwanza na la pili ni kitu kimoja tu, nacho ni sifuri. Lakini kitu hicho kimoja kilichukua karne nyingi kukubaliwa.

Katika nchi ya Bara Hindi wataalamu waliita sifuri shunya, maana yake tupu. Waarabu walipojifunza tarakimu za Kihindi, walilifasiri neno hilo kwa lugha yao wakasema sifr, nalo pia maana yake ni tupu. Na kutoka kwa Waarabu sisi tumepata neno letu sifuri. Mwaka 628 mtaalamu wa Kihindi aitwaye Brahmagupta aliandika kitabu ambamo aliifanya sifuri kuwa namba kamwe, wala si alama ya pahali patupu tu. Alieleza kanuni zake: ukiongeza sifuri katika namba, namba haibadiliki, ukiitoa namba katika namba iliyo sawa nayo, jibu ni sifuri, ukizidisha kwa sifuri, jibu ni sifuri. Kitu chenye kanuni zake za kujumlisha, kutoa na kuzidisha, twawezaje kukinyima jina la namba?

Wala faida yake si ndogo. Andikeni 25. Sasa andikeni 205. Kama sifuri haina kazi, iondoeni pale katikati, mwone kama mwenye kudai shilingi 205 atakubali kulipwa 25. Na juu ya mbuzi sifuri, twamjibu mjomba hivi: Ni kweli hakuna aendaye mnadani kununua mbuzi sifuri. Lakini mtu aweza kwenda mnadani na kurudi bila mbuzi, na akiulizwa amenunua wangapi, jibu la kweli ni sifuri. Mvuvi naye aweza kukesha baharini akarudi na samaki 0. Hilo ni jibu kamili la swali lililoulizwa, wala si kukosa jibu.

Sasa tumekwisha mtetea kijana juu ya sifuri. Imebaki ile hasi tano, ambayo ndiyo iliyoleta haya mlangoni.

Tuseme wako wakulima wawili, na maghala yao yote mawili ni matupu. Wa kwanza hadaiwi na mtu. Wa pili anadaiwa pishi 5. Ukichungulia ndani ya maghala hutaona tofauti yo yote. Sasa wape kila mmoja pishi 40. Wa kwanza ana 40 zake. Wa pili, akiisha kulipa, ana 35. Kama wote wawili walianza na sifuri, na wote wawili wameongezewa 40, mbona hawakuishia mahali pamoja? Sababu ni kwamba hawakuanza mahali pamoja. Wa pili alianza pishi 5 nyuma ya sifuri, na mahali hapo sharti pawe na namba yake. Ndiyo hasi tano, iandikwayo −5. Ghala haliwezi kuwa tupu kuliko tupu, hilo kweli. Bali daftari halihesabu ghala peke yake, lahesabu ghala pamoja na haki za watu zilizomo.

Namba za upande huo huitwa namba hasi: −1, −2, −3, na kuendelea bila mwisho. Zile zilizo zaidi ya sifuri huitwa namba chanya. Sifuri yenyewe si chanya wala si hasi. Tukizikusanya zote pamoja, hasi na sifuri na chanya, twapata kundi la tatu, liitwalo namba kamili. Katika kundi hili waweza kujumlisha, kuzidisha na kutoa namba yo yote upendayo, na jibu halitoki nje. Tatu kutoa nane ni hasi tano, hakuna tena haja ya kusema “haiwezekani.”

Mjomba asione haya kwa kuzikataa namba hizi, maana ana wenzake wenye heshima. Huko China mtaalamu Liu Hui, katika mwaka 263, alieleza matumizi ya vijiti vyekundu kwa namba chanya na vyeusi kwa namba hasi. Brahmagupta naye aliziita namba chanya mali na namba hasi madeni, akatoa kanuni ya kuchanganya mali na deni. Lakini katika Ulaya hata mwaka 1544, Michael Stifel, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa hesabu, aliziita namba za upuzi, ingawa alijua kuzitumia. Basi mkulima akizicheka leo, amecheka pamoja na mabingwa.

Labda mtu atasema, “Namba hasi ni za madeni tu, nami sina deni.” Basi na atazame Ziwa Tanganyika. Uso wa maji yake uko juu ya usawa wa bahari kwa meta kama 773. Kina chake, penye kina kirefu kabisa, chafika meta kama 1,470. Je, sakafu ya ziwa iko juu ya usawa wa bahari, au chini yake? Toeni: 773 kutoa 1,470 ni −697. Yaani chini ya maji yale, mbali na pwani kwa mamia ya maili, iko ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari kwa meta karibu 700. Hapa hapana deni wala mdai. Sifuri hapa haina maana ya utupu. Ni alama tuliyoichagua wenyewe, yaani usawa wa bahari, na kutoka alama hiyo twaweza kupanda au kushuka. Vivyo hivyo katika kipimo cha joto, sifuri ni mahali maji yanapoganda, na baridi ya kilele cha Kilimanjaro hushuka chini ya alama hiyo.

Sasa chukueni karatasi zenu. Pigeni mstari mmoja ulionyoka kutoka kushoto kwenda kulia. Katikati tieni alama, mwandike 0. Kwa mkono wa kulia tieni alama kwa mwendo ulio sawa sawa, mwandike 1, 2, 3, mpaka 8. Kwa mkono wa kushoto fanyeni hivyo hivyo, mwandike −1, −2, −3, mpaka −8. Huu huitwa mstari wa namba. Namba iliyo kulia zaidi ndiyo kubwa. Kwa hiyo 8 ni kubwa kuliko 5; lakini −8 ni ndogo kuliko −5. Hapo wanafunzi wengi hukosea. Wakumbuke deni: mwenye kudaiwa pishi 8 ana hali mbaya kuliko mwenye kudaiwa 5.

Makundi haya matatu hayakutengana kama visiwa vitatu. Moja limo ndani ya jingine. Kila akaaye Mkunazini akaa katika Mji wa Unguja, na kila akaaye katika mji huo akaa katika kisiwa cha Unguja. Lakini si kila mtu wa kisiwani ni wa mjini, wala si kila mtu wa mjini ni wa Mkunazini. Namba za kuhesabia ni kama Mkunazini, namba nzima ni kama mji, na namba kamili ni kama kisiwa chote. Kila namba ya kuhesabia ni namba nzima, na kila namba nzima ni namba kamili. Lakini huwezi kugeuza usemi huo.

Hebu tujaribu. Namba 18 imo katika makundi yote matatu. Namba 0 si ya kuhesabia. Ni namba nzima, na kwa hiyo ni namba kamili pia. Namba −18 ni namba kamili tu. Robo tatu haimo katika kundi lo lote la haya, kwa kuwa ni sehemu, na 2.5 pia haimo. Lakini jihadharini na sura ya namba. Ukiona 12 juu ya 4, usikimbilie kusema ni sehemu. Gawanya kwanza, upate 3, nayo imo katika makundi yote. Na −20 juu ya 5 ni −4, basi ni namba kamili tu. Namba haihukumiwi kwa nguo yake, huhukumiwa kwa thamani yake.

Na sehemu je? Hizo ni kisiwa kikubwa zaidi, tutazisafiria siku nyingine. Leo mkumbuke hili tu: pishi moja ni vibaba vinne. Ukipima mchele kwa pishi, kibaba kimoja ni robo, nayo si namba kamili. Ukiupima mchele ule ule kwa vibaba, ni 1. Mchele haukubadilika, kipimo ndicho kilichobadilika.

Neno moja kwa wanafunzi. Mtakuta vitabu vingine vikiitia sifuri ndani ya namba asilia, na vingine vikiiacha nje. Msigombane kwa ajili hiyo, wala msidhani kwamba kitabu kimoja kimesema uongo. Mtaalamu Mwitalia, Giuseppe Peano, alipoweka misingi ya namba hizo mwaka 1889 alianza na 1, na baadaye yeye mwenyewe akaanza na 0. Ni mapatano ya majina tu. Someni maelezo yaliyo mwanzoni mwa kitabu chenu, mfuate hayo, na katika mtihani mfuate kitabu mlichofundishwa.

Na kwa watu wazima, tuna kanuni fupi ya kuchagua kundi. Kabla ya kuandika jambo lo lote katika daftari, jiulize maswali mawili. La kwanza: Je, yaweza kutokea kwamba hakuna hata kimoja? La pili: Je, yaweza kwenda upande wa kinyume, yaani kudaiwa badala ya kudai, au kushuka badala ya kupanda? Kurasa za kitabu huanza kwa 1. Hizo ni namba za kuhesabia. Samaki wa mvuvi waweza kuwa hakuna, lakini hawawezi kuwa hasi. Hizo ni namba nzima. Bali hesabu yako na jirani, au na mwenye duka, yaweza kwenda pande zote mbili, na hiyo haitoshi kuandikwa ila kwa namba kamili.

Basi turudi kwa kijana wetu na mjomba wake. Mjomba hakukosa kujumlisha. Sifuri na 40 ni 40, hata mwalimu hawezi kumsahihisha. Alichokosa ni kundi: aliandika deni kwa namba zisizojua deni. Kama ule mstari mdogo ungaliachwa mahali pake, daftari lingalisema: −5 kujumlisha 40 ni 35. Mjomba angaliahidi pishi 35, angalipokea fedha ya 35, na pengine kitabu kimoja kingalingoja mpaka mwezi wa pili. Lakini asingalisimama mlangoni mwake akitafuta maneno ya kumwambia mgeni.

Nawe kijana, twakuambia hili kwa upole. Ulikuwa na haki, ukafuta kwa sababu ya adabu, na adabu ni jambo jema. Lakini mwandishi wa daftari ana adabu ya pili, nayo ni kuliacha daftari liseme kweli. Ungaliweza kumwambia, “Mjomba, niache niandike pembeni kwamba jirani anatudai tano.” Angalikubali, maana hakulikana deni, alikataa alama tu. Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lisilo na namba hasi lina habari nusu.

Mwisho wa barua yake kijana atuambia kwamba mjomba amekwisha mlipa mfanya biashara zile pishi 5 zilizopungua, kutoka katika mbegu alizokuwa ameziweka. Sasa basi ghala la mbegu limepungua, na huenda msimu ujao akaazima tena. Twatumaini kwamba mara hii ule mstari mdogo hautafutwa.

Wasikilizaji wetu, kabla ya kulala jaribuni swali hili pamoja na watoto: Mtu anadaiwa pishi 12. Amelipa 7, kisha akaazima tena 4. Je, amesimama wapi katika mstari wa namba? Atakayepata hasi tisa amesikiliza vema. Kwaherini, na usiku mwema.